Mkanda wa Ng'ombe Mwenye Teke

Kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia Kedimasta akimwomba mtu msamaha. Naliweka jambo hili mbele ya mengine yote, maana watu wa Kajiado wakianza kumsifu huwa hawakomi, na mimi nimechoka kukaa katikati yao nikitikisa kichwa kama mjusi. Sifa anazo. Nitazitaja kwa haki, kwa sababu mimi si mtu wa kumnyima mwenzangu kilicho chake. Lakini lipo neno moja nililomngoja aniambie kwa zaidi ya miaka kumi, neno ambalo hata mtoto wa nasari analijua, na kila nikimkumbuka ndilo linalotangulia.

Kedimasta lilikuwa jina la kazi yake. Alikuwa mkubwa wa makedi, yaani sisi vijana tuliobeba mifuko ya fimbo za wachezaji wa gofu. Kiwanja chetu kilikuwa nje ya mji wa Kajiado, mashimo tisa kwenye ardhi ya migunga na mawe meupe. Usifikirie zile nyasi laini unazoona kwenye televisheni. Nyasi za namna hiyo zinataka maji, na maji hata watu hawakuwa nayo. Kuzunguka kila shimo tulikuwa na brauni, duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gari ili upepo usiupeperushe. Oili hiyo aliitafuta yeye mwenyewe. Kila Jumatatu ungemwona akitoka gereji moja kwenda nyingine, mkebe mkononi na tai shingoni.

Alivaa tai kila siku, kwenye lile vumbi na lile jua. Viatu alivipaka rangi asubuhi, na kufikia saa nne vilikuwa vyeupe kama vya mwoka mikate, naye akavipaka tena. Sisi tulicheka, lakini tulicheka akiwa mbali. Kedi aliyekuja na shati lililotoka nje ya suruali alirudishwa nyumbani bila neno. Alinyoosha tu kidole kuelekea barabarani.

Maneno alikuwa nayo machache na hakupenda kuyabadilisha. "Mpira haukimbii. Wewe ndiye unakimbia." Hilo alilisema mara ishirini kwa siku. Lingine lilikuwa hili: "Ng'ombe mwenye teke hauzwi. Anafungwa." Na mtu akikosea kupiga, halafu akasema sorry au pole, kama tulivyozoea sote kusema pole hata kwa mtu aliyejikwaa mwenyewe, Kedimasta alikuja juu. "Hapa hakuna sorry! Mpira umekusikia? Mchanga umekusikia? Piga ingine." Kwa hiyo ningepaswa kujua mapema. Mtu aliyefukuza msamaha kiwanjani angeutoa wapi siku yeye mwenyewe atakapouhitaji?

Sasa niseme habari ya mkanda, maana ndio uliompa umaarufu, na ndio ulionipa mimi hasira.

Ulikuwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe, mrefu kumshinda mtu, mweusi kwa mafuta na jasho. Kwa Kimaasai aliuita enkeene. Kwao ulikuwa wa kufungia miguu ya nyuma ya ng'ombe mwenye teke wakati wa kukamua. Kedimasta hakuwa na ng'ombe hata mmoja, tena maziwa hakuyataka. Chai yake ilikuwa ya rangi tu, na ukimwekea maziwa kwa bahati mbaya alikusukumia kikombe kama umemtilia mafuta taa. Mwanamume wa Kimaasai asiye na ng'ombe, asiyekunywa maziwa, anayetembea na mkanda wa kukamulia mfukoni. Mtu akimuuliza kwa nini, alijibu, "Ng'ombe zangu ndio hawa," akituonyesha sisi.

Alituzungushia mkanda huo kwenye mikono yote miwili, juu kidogo ya viwiko, akaukaza mpaka viwiko vikakaribiana kama watu wanaosengenya. Ndipo akatukabidhi fimbo. Ukiwa umefungwa hivyo huwezi kupiga kwa nguvu za kujionyesha. Viwiko haviwezi kutawanyika. Ukitaka fimbo ipande lazima ugeuze mabega na kiuno, na ikishuka inashuka na mwili mzima. Mpira unanyooka. Nimesoma mambo haya darasani baadaye, kwa michoro na majina ya misuli, na nawaambia wazi kwamba kwa hilo hakukosea. Kuna vifaa vinauzwa ng'ambo leo vinavyofanya kazi ileile, vimewekwa kwenye sanduku lenye picha ya mzungu anayecheka. Kedimasta hakuwahi kuviona. Aliutoa ujuzi wake kwenye boma.

Hakuchagua wa kumfunga. Kulikuwa na daktari wa mifugo wa serikali, mtu mzito aliyekuja Jumamosi na kofia nyeupe, na mpira wake kila mara ulikwenda kulia, kwenye miiba. Siku moja alimwomba Kedimasta amrekebishe. Kedimasta akatoa mkanda.

"Hapana, mzee," daktari akasema. "Mimi ndiye hufunga ng'ombe na hiyo kitu. Mimi ni daktari!"

"Basi leo utajua vile anasikia," Kedimasta akamjibu, na tayari alikuwa amekwisha kuzungusha mara mbili.

"Inanibana!"

"Ng'ombe anakuambianga inambana? Simama vizuri, daktari. Na usinipige teke."

Makedi tulilala chini kwa kicheko. Daktari akapiga mpira, ukaenda mbele umenyooka mpaka kwenye kichuguu, naye akabaki ameduwaa, mikono imefungwa, kofia imemfunika macho. Tangu siku hiyo alikuja Jumamosi na mkanda wake mwenyewe kutoka kazini.

Na mbuzi. Lazima niwataje mbuzi, maana hapo ndipo ungemjua ana subira ya namna gani. Mbuzi walipenda kulala kwenye brauni kwa sababu mchanga ulikuwa na joto. Mwenye mbuzi akifika, Kedimasta alimsalimu kwa taratibu zote. "Supa." "Ipa." Watoto wako vipi, ng'ombe wako vipi, mvua imeonekana upande wenu, mama amepona. Walisimama hivyo dakika nyingi, mbuzi wakiendelea kuchimba. Kisha kwa sauti ileile ya upole alimwambia, "Nikiwapata tena, nachinja." Wakaagana kwa heshima. Mbuzi hawakurudi kwa wiki mbili.

Nimesema nitakuwa wa haki. Siku nyoka alipomuuma kedi mwenzetu kwenye shimo la sita, Kedimasta alivua ile tai, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akaufunga nayo mguu, akambeba kijana yule mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha lori la mchanga kwa kusimama mbele yake. Tai ilikatwa hospitalini. Kesho yake alikuja na nyingine, ile ya kanisani, maana alikuwa shemasi. Kijana alipopona akaja kumshukuru. Kedimasta akamwangalia miguuni akasema, "Na viatu vyako viko wapi rangi?"

Huyo ndiye wanayemsifu. Mimi pia ningemsifu nikaishia hapo, kama mkanda usingekuwa mikononi mwangu.

Mimi nilimaliza Form Four katikati ya miaka ya tisini, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la maua Kitengela, watu wetu wakiwa wametoka upande wa Machakos kutafuta kazi. Karo ya chuo haikuwapo. Nilienda Kajiado kubeba mifuko, nikilala kwa mjomba. Kedimasta aliniita layioni, jina la mvulana ambaye hajatahiriwa, mimi niliyekuwa na ndevu na cheti cha sekondari. Nilimwambia jina langu. Akasema, "Layioni, lete mikono." Akanifunga.

Nilifungwa miaka miwili. Kila asubuhi saa moja, kabla ya wachezaji kufika, mipira mia. Na nilikuwa bora. Walionishuhudia bado wako hai, nendeni mkawaulize. Mpira wangu ulipanda mwembamba na kushuka palepale nilipoutazama. Wachezaji waliacha vikombe vyao vya chai wakaja kuangalia. Mmoja wao, meneja wa benki, ndiye aliyeleta habari kwamba klabu moja kubwa ya Nairobi inatafuta vijana wanne wa kufunzwa kuwa wakufunzi wa gofu, kwa mshahara, malazi na masomo. Majaribio yangefanywa siku moja tu, kila kijana mipira kumi. Meneja akaandika jina langu.

Msomaji, elewa lililokuwa mezani. Kwetu tulikuwa watoto saba. Baba alikuwa amepunguzwa kazini mwezi uliotangulia. Nafasi ile ingenipa kazi na elimu kwa mpigo mmoja, na mimi nilikuwa na mkono wa kuipata.

Katika miaka hiyo miwili Kedimasta hakunifungua hata mara moja nikapiga mpira mbele yake. Nimefikiri sana kwa nini, na jibu nililipata nikiwa mbali, nusu usingizini, nikaamka nimekasirika. Ng'ombe mwenye teke hafundishwi kuacha teke. Anafungwa asubuhi, anakamuliwa, anafunguliwa. Jioni anafungwa tena. Anafungwa hivyo mpaka azeeke. Hakuna mtu katika boma lolote aliyewahi kumfunga ng'ombe ili siku moja asimame bila mkanda. Kedimasta alikuwa ameukuta mkanda ukifanya kazi hivyo tangu akiwa mdogo, na hivyo ndivyo alivyoutumia kwetu. Yeye mwenyewe hakuwa mchezaji. Hakuwahi kuwa mwanachama, hakuwahi kuandikwa kwenye shindano. Mara moja tu nilimwona akipiga, saa ya chakula cha mchana, akidhani wote tumeondoka. Alikuwa nyuma ya kibanda na fimbo ya mtu, anapiga kinyesi kikavu cha ng'ombe, na mikono yake mwenyewe ilikuwa imefungwa mkanda. Kipigo kilikuwa kizuri kuliko cha mtu yeyote niliyemwona kabla na baadaye. Nilirudi nyuma kimyakimya. Aibu niliyoisikia sikujua ni ya nani.

Siku ya majaribio alinisindikiza Nairobi amevaa tai ya kanisani. Klabuni tulikuta vijana kama thelathini, nyasi kama zulia, maji yanarushwa hewani bure. Zamu yangu ilipofika, Kedimasta akanifunga mkanda, akaukaza, akanipiga begani. Nikasogea mbele. Msimamizi, Mkenya mwenzetu mwenye karatasi mkononi, akaniangalia kama mtu aliyeona punda ukumbini.

"Kijana, hiyo ni nini mikononi?"

"Ni mkanda, sir. Ya kupigia."

"Ya mazoezi?"

"Ya kupiga, sir."

"Hapa hupigi na kifaa. Hiyo ni sheria ya mchezo, dunia yote. Toa."

Nyuma yangu mtu akasema, "Wamemleta amefungwa kama mbuzi ya Krismasi!" Wakacheka vijana thelathini, na wazazi wao.

Nilimtazama Kedimasta. Alikuwa amesimama nje ya kamba ya watazamaji, na kwa mara ya kwanza nikaona hajui. Hakuwa anajifanya wala kunipima. Hakujua. Sheria ile iko kwenye kijitabu kidogo kinachogawiwa bure, na katika miaka yake yote ya kutufunga hakuwa amekifungua.

Nikavua mkanda. Mikono yangu ilikuwa myepesi kama ya mtu aliyetoka kuugua. Mpira wa kwanza ulikwenda kulia, ukapiga mti. Wa pili ukaviringika kama limau lililoanguka sokoni. Wa tatu niliukosa kabisa. Viwiko viliruka huku na huku, kila kimoja na safari yake. Katika mipira kumi, mmoja ulinyooka, wa mwisho, wakati msimamizi alikuwa ameshaandika na kumwita mwingine.

Tulishuka Kitengela kubadilisha gari. Aliniingiza kwenye hoteli, akaagiza chai mbili na mandazi. Nilikaa nikingoja. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja na nilitaka mtu huyu, aliyenifunga miaka miwili, aniambie kwamba kosa ni lake. Neno moja tu. Ningemsamehe palepale, nakwambia, ningekula yale mandazi.

Alikunywa chai mpaka mwisho. Akafuta mdomo kwa leso. Akasema, "Kesho saa moja."

Niliuweka mkanda mezani, kando ya sahani, nikatoka. Kesho sikwenda, wala kesho kutwa, wala tena.

Yaliyofuata niliyafanya mwenyewe, na sioni haya kuyasema. Nilivuka Namanga na begi moja la mgongoni. Nikashuka Tanzania, nikashuka zaidi, miezi mitano njiani, mpaka Afrika Kusini, ambako nilikata nyasi kwenye kiwanja cha gofu kwa miaka sita. Mchana nikakata, jioni nikasoma. Sikubebwa na meneja wa benki wala mjomba. Diploma yangu ya ukufunzi wa gofu na utunzaji wa viwanja niliitoa kwenye jasho langu, na imetiwa fremu. Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikakodi ekari nne Kitengela, upande wa barabara ya Isinya, nikaweka uzio, vyandarua, mikeka ya kupigia na kioo kikubwa cha mwanafunzi kujitazama. Nikaagiza vile vifaa vya plastiki vya kubana mikono, vyenye kunata, rangi tatu. Hakuna mwingine Kitengela aliyekuwa na uwanja kama ule. Ng'ombe wa majirani walikuja kuchungulia kwenye uzio, na wenye ng'ombe pia.

Wiki ya kwanza nilienda Kajiado na diploma ndani ya bahasha. Nilitaka aione. Nilimkuta kwenye brauni ya shimo la tatu akiburuta ubao kusawazisha mchanga, tai shingoni. Akaifuta mikono, akaisoma diploma mbele, akaigeuza akatazama nyuma palipo patupu.

"Hii karatasi," akasema, "ilikuona ukipiga?"

"Nilifanya mtihani wa kupiga, mzee. Bila mkanda."

Nikatoa kifaa changu cha plastiki, nikamwonyesha kinavyobana. Akakinusa. "Hainuki ng'ombe," akasema, akanirudishia. Nilisimama pale nikimpa nafasi. Nilisimama muda mrefu, hata kedi mmoja akaja kuuliza kama nimepotea. Kedimasta akaendelea kuburuta ubao. Nilirudi Kitengela nimeiminya ile bahasha mpaka ikajikunja.

Basi miaka ikapita. Siku ninayotaka kumalizia nayo ilikuwa Jumatano. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja niliyejivunia kuliko wote, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Isinya, binti wa watu wa mifugo, mrefu, mabega kama ya mbeba maji. Alianza kwangu akipiga kama anaua nyoka. Nilimfunga kifaa chekundu, na baada ya miezi minne alipiga mpira ambao ulinyamazisha watu. Jumapili wateja walipojaa nilimweka mkeka wa katikati, mbele kabisa, ili waone uwanja wangu unazaa nini. Jumamosi ile alikuwa na majaribio Nairobi. Ilikuwa nafasi ya mshahara na masomo, kama ile yangu.

Alipiga mipira, nami nilisimama nyuma yake mikono kiunoni. Nikasikia, "Supa." Nikageuka. Kedimasta alikuwa kwenye lango. Alikuwa amekonda sana. Tai ilikuwapo, lakini shingo ilikuwa imebaki kidogo ndani ya kola, na suruali ilikuwa imekunjwa kiunoni kama mdomo wa gunia. Ilishikiliwa na mkanda mweusi wa ngozi uliozungushwa mara tatu. Niliujua mara moja. Aliuchukua pale mezani, basi. Miaka yote hiyo.

Nilimpa kiti. Nikampa chai ya rangi, kwa sababu mimi si mtu mbaya. Akamtazama msichana akipiga, mpira mmoja, mwingine, mwingine. Yote ilinyooka.

"Anapiga," akasema.

Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na mimi hakuwahi kunipa. "Anaenda trial Jumamosi," nikasema. "Na sheria anaijua. Kijitabu nilimpa siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa. Akanywa chai. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Unamfunguanga saa ngapi?"

"Nini?"

"Hiyo nyekundu. Unatoa lini?"

Nilikuwa na majibu mengi, ya darasani, yenye majina ya misuli. Nikatafuta mwezi ule wote ni siku gani msichana huyu amepiga bila kifaa, nikaona Jumapili, wateja, mkeka wa katikati, mpira unaonyooka, watu wanapiga makofi. Nilikuwa na mpango wa kumfungua. Nilikuwa nao tangu mwezi wa pili.

"Mimi siku hizi," Kedimasta akasema, "kumi na mkanda, kumi bila. Kumi na, kumi bila. Hata mtoto akilia."

"Siku hizi tangu lini?"

"Tangu ile chai."

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, lakini nilikuwa juu yake na sauti yangu ilifika barabarani. "Kwa hivyo ulijua! Wale wengine uliwafungua! Wote waliokuja nyuma yangu! Na mimi nilikuja mpaka kwako na karatasi, nikasimama pale kwa mchanga, ukanyamaza! Ungesema tu, mzee. Neno moja. Nani alikufundisha hiyo kumi na kumi?"

"Wewe," akasema. "Siku ile. Mpira ya kumi ulinyooka. Kama ningekuachia ishirini bila mkanda, ungeshinda hao wote."

Alisema hivyo akiwa anatazama chai. Aliuona. Mpira ule wa mwisho, ambao hata msimamizi hakuuona, mzee huyu aliuona kutoka nje ya kamba, na akauweka miaka yote hii kama mkanda wake, na hakunipa. Usiniambie kwamba huo ndio msamaha. Nimeambiwa hivyo na mke wangu, na mchungaji, na watu wa Kajiado. Msamaha una neno lake na alilijua. Nilikuwa na hasira siku ile na ninayo nikiandika haya, na yeye hayupo tena wa kunijibu.

Lakini kulikuwa na msichana kwenye mkeka, amegeuka anatutazama, na Jumamosi ilikuwa baada ya siku tatu.

Nilienda kwake. "Vua hiyo."

"Kocha, si trial ni Jumamosi? Wacha nisiharibu."

"Vua."

Akavua. Akatikisa mikono, akaitazama kama imetoka kwa mtu mwingine. Najua mikono hiyo. Akapiga. Mpira ukaenda kulia, ukapita juu ya chandarua, ukatua katikati ya ng'ombe wa jirani, wakakimbia.

Akageuka, macho yamejaa maji. "Sorry, kocha."

"Hapa hakuna sorry!" Kedimasta akaita kutoka kwenye kiti changu, ndani ya uwanja wangu, chini ya fremu ya diploma yangu. Halafu akaanza kuhesabu kwa Kimaasai, kwa sauti ya kwaya, kama alivyotuhesabia asubuhi zile zote. "Nabo."

Ningeweza kumfukuza. Niliinama, nikaweka mpira mwingine.

"Are," akasema.